Sauti Chini ya Enanga

Tarehe tatu ya mwezi wa Shaabani, mwaka 1327, ambao kwa hesabu ya Wazungu ulikuwa Agosti ya 1909, wapagazi wawili walitua sanduku la mbao mbele ya duka la Gharib, chini ya kilima cha Bweranyange. Walikuwa wametembea siku tano kutoka Bukoba. Sanduku lilikuwa limepasuka upande mmoja.

Mwajabu, dada mkubwa wa Gharib, alitoka uani akifuta mikono kwenye kanga. Alilitazama lile sanduku, kisha akawatazama wapagazi.

"Limeanguka?"

"Halikuanguka, mama," alisema wa kwanza.

"Lilianguka mara moja tu," alisema wa pili. "Mtoni."

Ndani mlikuwa na mashine yenye ufunguo wa kuzungusha, pembe ya bati iliyopanuka mdomoni kama ua la boga, wembe mdogo uliofungwa kwenye kitambaa, na mianzi ya nta, yaani vibomba vinavyoshika sauti. Mianzi miwili ilikuwa imekwisha kutiwa sauti huko Ulaya. Mingine kumi na miwili ilikuwa mitupu, na kati ya hiyo, tisa ilikuwa vipande. Mhindi wa Bukoba aliyemuuzia Gharib aliita mashine hiyo fonografu. Bweranyange iliiita kinanda cha pembe, na jina hilo ilipewa kesho yake, mara ya kwanza iliposema.

Siku hiyo, tarehe nne, Gharib alikiweka kinanda barazani na kuzungusha ufunguo mbele ya watu wapatao arobaini. Akaanza na mwanzi wa mtu anayecheka. Kicheko kilitoka ndani ya pembe, cha mwanamume mzima, kwanza kidogo kidogo, kisha cha kujishika mbavu. Nusu ya watu walikimbia mpaka kwenye migomba. Waliobaki hawakubaki kwa ushujaa, miguu iliwagoma. Mwanamke mmoja wa Kinyambo aliyekuja kubadilisha kahawa kwa chumvi alisimama na kikapu kichwani mpaka kicheko kikaisha.

"Huyo amepewa nini hata afurahi hivyo?" aliuliza.

"Hakupewa kitu," alijibu Gharib. "Na wala hayumo."

"Hayumo, na anacheka?"

"Alicheka zamani. Nta ilishika."

Mwanamke akaiinamia pembe, akaichungulia ndani, akaondoka bila chumvi yake. Ilibidi aitwe arudi.

Mwajabu hakukimbia. Alitazama jinsi sindano ilivyotambaa juu ya nta, akaona kwamba kicheko kilianza sindano ilipogusa na kikaisha sindano ilipoinuliwa. Jioni alimwomba mdogo wake amwonyeshe kila sehemu, na Gharib, aliyependa kuulizwa, akamwonyesha. Ukiweka sindano ya pili, kinanda husikiliza badala ya kusema. Ukitaka kufuta kilichosikiwa, unaushusha wembe, unauzungusha mwanzi, na nta inanyolewa inabaki laini.

"Lakini usiguse, dada. Imebaki mitatu, na kila ukinyoa mwanzi unaukondesha. Nataka kumtia Kabyemera humo ndani."

Kabyemera alikuwa mpiga enanga, ubao wa nyuzi unaopakatwa magotini, na hakukuwa na msikilizaji kati ya Bweranyange na Mabira asiyejua nyimbo zake za vita na za wafalme. Mpaka siku hiyo, aliyetaka kumsikia alilazimika kumwita, kumkalisha na kumnywesha rubisi, pombe ya ndizi.

Mwajabu naye alikuwa na nyimbo, na hizo zilikuwa na sheria nyingine. Alizaliwa Pangani, akaletwa Karagwe na mume mfanyabiashara akiwa na miaka kumi na saba, akafiwa naye kwa ndui. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa kungwi wa mabinti wa Kiislamu wote wa nyumba za biashara, kuanzia Bweranyange hadi Kayanga. Msichana alipokaribia kuolewa aliingizwa ndani, mlango ukafungwa, na Mwajabu akamfunda kwa nyimbo saba. Hazisikiwi na mwanamume. Hata mtoto wa kiume anayenyonya hupelekwa nyumba ya pili. Watu walimwachia mabinti zao kwa sababu moja: katika miaka hiyo yote hakuna neno lililotoka nje ya mlango wake.

Mwezi huo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumfunda Zamda, binti wa Gharib, aolewe kabla ya Ramadhani. Ya pili ilikuwa Rukaya, mkwe wa jirani yao mzee Zubeiri, mwenye miaka ishirini, ambaye Mwajabu alikuwa akimfundisha ukungwi. Baada ya Ramadhani mume wa Rukaya angefungua duka Mabira, na huko hakungekuwa na wa kumsahihisha. Rukaya alizijua nyimbo sita. Ya saba ilikuwa ndefu, na vumbi la kiangazi lilimpa Mwajabu kikohozi kilichomkata kila alipoirudia.

Tarehe nane, asubuhi, Gharib alikwenda Kafuro kupima kahawa. Mwajabu alifunga mlango wa duka kwa ndani, akamwita Rukaya na wanawake wanne wa kuitikia, akaweka sindano ya kusikiliza.

"Somo," alisema Rukaya, "hiki kitu si cha kiume?"

"Ni bati na nta. Kina masikio?"

"Kina pembe."

"Na mbuzi jike ana pembe. Imba."

Waliimba wimbo wa saba mara moja, kwa makofi na vigelegele, na Mwajabu alikohoa mara mbili. Kisha wakakisikiliza kinanda. Mmoja wa waitikiaji alipoisikia sauti yake mwenyewe alikaa chini ghafla, akajifunika uso, hakufunua mpaka mwanzi ulipokwisha. Rukaya aliusikiliza mara nne. Mara ya tano aliimba mwenyewe bila kukosa.

Ndipo Mwajabu akafuta. Utotoni, chuoni Pangani, alijifunza kusoma kwa ubao wa mti na wino wa masizi. Aya ikishahifadhiwa, ubao huoshwa kwa maji mara moja, na haibaki hata nukta. Alilichukulia lile jambo la nta hivyo hivyo. Aliushusha wembe kidogo tu, kwa kukumbuka onyo la Gharib juu ya kukonda, akauzungusha mwanzi mara moja. Nta ikatoka nyuzi nyuzi, ikang'aa. Akaurudisha mahali pake, akafungua mlango wa duka.

Hakuusikiliza tena. Hilo ndilo kosa lake, na hapakuwa na la pili.

Tarehe kumi na moja Kabyemera aliletwa, akakaa mbele ya pembe, akaimba habari za vita vya kale. Katikati alisimama kidogo kukaza uzi uliolegea, kisha akaendelea. Gharib alikuwa ameuchukua mwanzi wa kwanza aliougusa. Hakumsikilizisha mtu yeyote. Alitaka wa kwanza kuusikia awe mkungu Rwekaza, mtu aliyesimamia kilima kile na aliyempa Gharib kiwanja cha duka.

Rwekaza alifika kesho yake baada ya adhuhuri pamoja na watu wanane, kigoda chake, na kibuyu chake cha rubisi, maana alijua kwa Waungwana, Waislamu wa Pwani, hatapata. Akaketi barazani. Gharib alimpa kahawa ya kutafuna. Mzee Zubeiri alikaa kando, na Kabyemera mkekani, enanga magotini. Wanawake walikaa nyuma ya pazia: Mwajabu, Rukaya, na Bi Mgeni, mke wa Gharib.

Gharib akaweka sindano.

Enanga ililia. Kabyemera aliitazama enanga yake mwenyewe. Nyuzi zilikuwa zimetulia. Kisha sauti yake ikatoka kwenye pembe, akajishika koo.

"Sijafungua kinywa," alisema. "Mkungu, shahidi ni wewe, sijafungua kinywa!"

"Nyamaza, tukusikie," alisema Rwekaza, na watu wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi. Mmoja alikuwa ameshika mkuki bila kujua.

Wimbo ulifika pale Kabyemera alipokaza uzi. Enanga ikanyamaza, naye akanyamaza. Ndani ya kimya hicho, mbali, kama watu walio ng'ambo ya bonde, wanawake walikuwa wakiimba.

Hapakuwa na aliyesogea. Makofi yalisikika. Kigelegele kikapanda, chembamba, kikakatika. Mwanamke akakohoa. Kisha enanga ikarudi na kuwafunika wote.

Mwajabu alijua sauti ni ya nani kabla ya kukubali kwamba anajua.

"Somo," alinong'ona Rukaya. "Ni sisi."

Barazani mzee Zubeiri alisema "Astaghfirullahi" mara moja, akashusha macho kwenye makubazi yake, na hakuyainua. Alikuwa mtu wa Pwani. Alikuwa ameoa mara tatu. Alijua nyimbo za namna gani huimbwa kwa makofi ya namna ile, ingawa maneno hayakumfikia. Gharib aligeuka kulitazama pazia.

Lakini Rwekaza alikuwa amesimama.

"Nyamwiza," alisema.

Watu wake wanane walilijua jina hilo. Nyamwiza alikuwa mke wake, aliyekufa mvua zilizopita.

"Rudia," alimwambia Gharib.

Gharib akarudia. Kimya, wanawake, kigelegele, kikohozi.

"Rudia."

Mara ya tatu watu wawili wa Rwekaza walikuwa wamekwisha toka nje ya baraza. Mkungu alimwendea Kabyemera, akasimama juu yake.

"Umemweka wapi?"

"Nani, mkungu?"

"Mke wangu. Ameimba ndani ya wimbo wako. Sauti ni yako, na yumo chini yake. Umewafunga wafu kwenye nyuzi zako?"

"Mimi nimeimba vita! Nimekaza uzi, basi! Muulize Mwungwana, kinanda ni chake!"

"Kinanda kimetoka kwa Wazungu. Wazungu hawamjui Nyamwiza. Wewe ulimwimbia arusini." Rwekaza aliwageukia watu wake. "Mfungeni. Tutapanda naye juu. Nitaanza na vidole, kimoja kimoja, mpaka aseme."

Walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya katani iliyokuwa imefungia sanduku la kinanda. Enanga ilianguka kifudifudi mkekani.

Nyuma ya pazia, Bi Mgeni alimshika Mwajabu kifundo cha mkono.

"Kaa, wifi."

"Watamvunja vidole."

"Wacha waseme ni mzimu. Mzimu hauna ndugu wa kuaibika. Wewe unao. Una Zamda, anaingia ndani siku kumi na mbili zijazo. Ukitoka hapo mlangoni, wewe si kungwi tena wa mtu yeyote."

Hesabu ya Bi Mgeni ilikuwa sahihi, na Mwajabu hakuipinga. Aliutoa mkono wake taratibu, akajifunika ushungi vizuri, akapita pazia.

"Mkungu," alisema kwa Kinyambo, "huyo hana kosa. Aliyeko chini ya enanga ni mtu hai. Nta haikufutika vizuri. Nipe nafasi nikuonyeshe kwa macho yako."

Rwekaza alimtazama mwanamke aliyetokea nyuma ya pazia.

"Onyesha."

Aliuchukua mwanzi wa pili, mtupu. Akamwambia Gharib ahesabu mbele ya pembe, moja mpaka ishirini. Gharib alihesabu. Mwajabu akaushusha wembe kidogo, akanyoa mara moja, kama alivyofanya tarehe nane. Akawataka wamfungue Kabyemera mkono mmoja apige nyuzi na kuimba maneno machache, kisha anyamaze, kisha aimbe tena. Kabyemera alipiga kwa mkono uliokufa ganzi. Mwajabu akabadilisha sindano.

Enanga ikalia. Kabyemera akaimba, akanyamaza. Na ndani ya kimya, kwa mbali, Gharib alisikika: "kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu."

Watu walipiga ukelele. Mmoja alimgusa Gharib begani kuhakikisha kwamba ni mzima.

"Umeona," alisema Mwajabu. "Ilichosikia kwanza kimebaki chini. Hakuna mfu humo."

Rwekaza hakuwa mjinga.

"Umenionyesha kwamba sauti ya mdogo wako hubaki," alisema. "Nimekubali. Kwenye ule mwanzi wa kwanza imebaki sauti ya nani?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikwepa.

"Ni ya wanawake wa nyumba hii."

"Wanawake wa nyumba hii wana majina."

"Ni yangu."

"Kila mtu aweza kusema ni yangu. Imba nisikie."

Zubeiri aliinuka mkekani. "Mkungu, samahani, hilo haliwezekani. Kwetu sisi, nyimbo hizo..."

"Kaa, mzee. Akiimba, nikaona ni yeye, mpiga enanga anakwenda kwake. Asipoimba, anakwenda kwangu."

Mwajabu alimtazama Zubeiri. Mzee alielewa. Akageuza uso kuelekea ukutani, akaziba masikio kwa viganja viwili. Gharib akafanya vivyo hivyo, lakini alichelewa kidogo.

Akaimba. Aliimba mistari mitatu ya wimbo wa saba, mchana, barazani, mbele ya wanaume kumi, kwa makofi yake mwenyewe peke yake. Maneno hayo hayaandikwi. Alipofika pale palipokuwa na kigelegele, sauti ilikauka. Badala yake kikatoka kikohozi.

Rwekaza akamwashiria Gharib arudishe mwanzi wa kwanza. Gharib hakuona, alikuwa amefumba macho. Mwajabu akaurudisha mwenyewe. Mkungu aliinamisha sikio mpaka likagusa pembe. Makofi yalikuwa yale yale. Kikohozi kilikuwa kile kile.

Alinyooka taratibu.

"Nyamwiza hakuwa na kikohozi," alisema. "Hata siku aliyokufa." Aliketi kwenye kigoda, akashika kibuyu, hakunywa. "Mfungueni huyu."

Kabyemera alifunguliwa. Alikunja vidole na kuvinyoosha, vyote kumi, akavitazama kama vitu alivyoazima. Mwajabu aliuchomoa mwanzi wa kwanza, akautia kwenye jiko la mkaa. Nta ikanywea, ikawaka kwa moshi mweusi.

"Na mimi je?" alifoka Kabyemera. "Na mimi nilikuwemo humo!"

"Ulikuwemo," alisema Mwajabu.

"Vita vyote vile!"

"Utaimba tena, mwanangu. Una vidole."

Tarehe kumi na tatu, asubuhi, wanawake wanne walikuja uani. Bi Mgeni alikuwa wa nne, ingawa ilikuwa nyumba yake na hakuhitaji kuja. Alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani pamoja na wenzake. Mwajabu aliwatandikia mkeka. Hawakuketi.

"Tumesikia ulimponya mtu," alisema mkubwa wao, mjane kutoka Kayanga. "Mungu atakulipa kwa hilo. Hatukuja kwa hilo."

"Najua mlichokuja nacho."

"Uliimba mbele ya wanaume."

"Niliimba."

"Na kabla ya hapo uliimba mbele ya bati."

"Na hapo pia. Hapo ndipo nilipokosea. Jana sikukosea."

"Sisi hatupimi lipi kosa na lipi si kosa, Bi Mwajabu. Tunauliza kama wimbo umetoka nje."

"Umetoka."

Bi Mgeni alikuwa akilia bila sauti. "Ningekuvunja mguu usipite lile pazia," alisema. "Wifi, kwa nini hukukaa?"

"Ungekaa wewe?"

"Ningekaa! Wallahi ningekaa, na vidole vyake ningevisahau kufikia Idi!"

Mjane wa Kayanga alisubiri mpaka wakanyamaza. Kisha akasema kwamba Mwajabu hataingia tena chumbani kwa mwali yeyote, na kwamba Zamda atafundwa na Rukaya. Rukaya, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alitoka mbio.

"Mimi siwezi! Somo yuko hapa, mzima, anapumua, mimi nimfunde Zamda?"

"Wimbo wa saba unaujua?" aliuliza mjane.

Rukaya alimtazama Mwajabu. Mwajabu hakumsaidia kwa uso wala kwa neno.

"Naujua," alisema Rukaya.

Wanawake wakaondoka.

Tarehe kumi na tisa Gharib alikiuza kinanda, pembe, na mianzi iliyobaki kwa msafiri aliyekuwa akielekea Rwanda. Mianzi ya nta iliyobaki ilikuwa minne: miwili ya Ulaya, ule uliokuwa na hesabu ya Gharib chini ya enanga, na mmoja mtupu. Kabyemera alialikwa Mabira, na inasemekana aliimba siku mbili mfululizo na kila aliyefika alimtaka aonyeshe mikono.

Tarehe ishirini na nne, asubuhi, Zamda aliogeshwa na kufunikwa kaniki mpya. Mwajabu alichemsha maji ya kuogea, akayabeba mpaka kizingitini, akayaweka chini. Mjane wa Kayanga aliyainua kutoka upande wa ndani. Waitikiaji wanne walipita wakiinamisha vichwa, wa mwisho akasema, "Shikamoo, somo," na Mwajabu akaitikia marahaba.

Rukaya aliingia wa mwisho. Aliufunga mlango kwa ndani, na komeo likasikika likiingia mahali pake. Mwajabu alikuwa nje.